MTAKA FUNGUO ZA HAZINA NA ATUONYESHE DAFTARI LAKE



Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wameyachukulia maneno hayo kuwa ni ya wenye maduka peke yao. Sisi twasema ni ya wenye nchi pia, na khasa wakati huu ambapo kila mtaka uongozi hutujia na tabasamu, kanga na fulana, asituambie vyote hivyo vimenunuliwa kwa fedha ipi.

Sisi tunaoandika haya ni wana wa visiwa tuliotawanywa na riziki. Tuko Susuni, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, mbali na bahari, nasi huuza unga, sukari na sabuni. Hatupewi leseni ya duka mpaka tuwe na hati ya Mamlaka ya Mapato inayoshuhudia kwamba kodi tumeilipa. Afisa huingia, hutazama rafu, huhesabu magunia, huuliza mauzo, kisha huandika makadirio. Hatulalamiki kwa hilo, kwani nchi haijengwi kwa dua peke yake. Lakini twauliza: anayeomba ruhusa ya kuuza kibiriti huulizwa kodi yake, anayeomba kushika Hazina ya watu wote, mbona haulizwi?

Rai yetu ni moja, nasi twaisema bila ya kuizungusha. Kila agombeaye Urais, Ubunge, Uwakilishi au Udiwani aambatishe kwenye fomu yake ritani zake za kodi za miaka mitano iliyopita, na karatasi hizo zibandikwe palipobandikwa majina ya wagombea, ili mpiga kura azisome kabla ya siku ya kura. Aliye mfanyakazi alete karatasi za mshahara zinazoonyesha kodi iliyokatwa. Mwenye duka dogo asiyejaza ritani alete makadirio na risiti zake. Asiye na pato aandike kwamba hana, kisha tulitazame gari alilojia.

Wapo watakaosema jambo hili ni geni. Si geni. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 39, inamzuia kugombea Urais mtu ambaye katika miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu alitiwa hatiani mahakamani kwa kukwepa kodi ya Serikali, na ibara ya 67 ina sharti kama hilo kwa Mbunge. Basi imekwisha kukubaliwa kwamba kodi ya mgombea ni jambo la mpiga kura. Upungufu ni kuwa sharti lile humnasa aliyekwisha kuhukumiwa tu. Aliyekwepa kwa werevu, asishitakiwe, hupita akitabasamu.

Tena kuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995, na huko kwetu Zanzibar kuna sheria namba 4 ya mwaka 2015. Sheria ya 1995 humtaka kiongozi apeleke tamko la mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka. Litazameni vyema neno hilo “baada”. Huku Tarime ni nchi ya ng’ombe, na hapana mtu anayelipa kwanza ndipo akafungua kinywa cha mnyama kutazama meno. Na tamko lenyewe halipo hadharani. Kama sheria ile ilivyoandikwa, raia anayetaka kulitazama sharti kwanza apeleke lalamiko, Kamishna aridhike nalo, kisha alipe ada. Lalamiko atalitoa wapi mtu ambaye hajaona kitu?

Matunda yake tumeyaona. Aprili 2008, Bwana Andrew Chenge, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa zaidi ya miaka kumi, alijiuzulu uwaziri baada ya kujulikana kwamba ana akaunti yenye zaidi ya dola milioni moja katika kisiwa cha Jersey. Yeye mwenyewe aliziita “vijisenti”. Alikanusha kosa, wala hakutiwa hatiani kwa fedha zile, nasi hatumhukumu. Tuulizalo ni jingine: habari ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa wachunguzi wa Uingereza na gazeti la London. Sheria yetu ya maadili ilikuwapo tangu 1995, na bado wageni waliijua mali ya waziri wetu kabla ya wale waliompigia kura.

Haikuwa hivi siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Yapo mabaya yaliyotendwa kwa jina la siasa ile, na wenye maduka hatuyasahau, kwani mwaka 1976 maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini kwa Operesheni Maduka. Lakini masharti ya uongozi yalikuwa bayana. Mwaka 1991 chama tawala kikayalegeza, na azimio la kuyalegeza likabandikwa jina la visiwa vyetu: Azimio la Zanzibar. Mlango wa kutajirika ukafunguliwa kwa viongozi, na dirisha la raia kuchungulia likasahauliwa. Hatudai mlango ule ufungwe. Twadai dirisha.

Watasema: mnataka kuvunja sitara za watu. Sitara ya mtu ni nyumba yake, ahali zake na maradhi yake, na hayo hatuyaulizi. Hapana anayelazimishwa kugombea. Apendaye kuisitiri mali yake akae nayo kwa amani, asiombe kushika ya wenzake. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ndani ya Suratul Baqara, ni aya ya deni, nayo yaamrisha kuandika na kushuhudisha. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab aliiandika mali ya maliwali wake alipowatuma, na aliyerejea na ziada isiyoelezeka alichukuliwa nusu ikatiwa Baitulmali. Ikiwa watu wale walihesabiwa, mgombea wetu ni nani hata asihesabiwe?

Watasema: wenye mali watahusudiwa. Utajiri wa halali si aibu, na risiti ya kodi ndiyo shahidi wake mwema kuliko wote. Asiyekuwa na shahidi huyo ndiye mwenye sababu ya kuogopa.

Watasema: wapi duniani yamefanyika hayo? Kenya, iliyopakana na wilaya yetu hii, wagombea wa mwaka 2013 walitakiwa kuleta hati ya mamlaka yao ya kodi. Ni hatua, ijapokuwa hati ile husema mtu amelipa, isiseme amepata nini. Marekani nako, tangu miaka ya 1970, wagombea Urais walizoea kutoa ritani zao kwa hiari. Mwaka 2016 Donald Trump akakataa, na hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Kamati ya Bunge lao ilipozitoa Desemba 2022, alikwisha kutawala miaka minne na kuondoka. Ndipo watu wakasoma rasmi kwamba kwa mwaka 2017 alilipa dola 750 tu za kodi ya mapato ya Serikali Kuu. Ada isiyo sheria huvunjwa na mtu wa kwanza asiyeona haya.

Wala asije mtu akasema haya ni mambo ya bara. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Mgombea wa Pemba na mgombea wa Susuni, kodi hiyo yawahusu kwa sheria moja. Kilicho haki huku ni haki huko.

Sasa neno kwa chama chetu wenyewe. Hatuwezi kulidai jambo hili kwa chama tawala tukajisamehe sisi. Rais Mkapa alipoingia madarakani mwaka 1995 aliitangaza mali yake hadharani. Alipotoka mwaka 2005 hakuitangaza. Kwa hiyo hiari haitoshi, lakini hapana sheria inayotukataza sisi kuanza nayo. Tusingoje Bunge. Kabla ya fomu za uchaguzi ujao kutolewa, mkutano mkuu wa chama na upitishe sharti kwamba hapana jina litakaloingia katika kura ya maoni bila ya karatasi za kodi. Tunawasikia wanaonong’ona kwamba tutawapoteza wagombea wenye fedha. Na wapotee. Mgombea anayeondoka kwa kuogopa karatasi yake mwenyewe angetugharimu zaidi baada ya kushinda.

Basi katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya makofi, na asimame mwanachama mmoja aulize kwa adabu: “Bwana, ritani zako ziko wapi?” Akijibu kwa karatasi, tutampima. Akijibu kwa hasira, tumekwisha kumpima.