Maji ya Samaki na Maji ya Mtoto



Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi kwa barabara kuu hupita mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo lilitokana na rangi ya maji ya mto wa hapo. Mbali kabisa na hapa, katika nchi ya Brazili, uko mto mwingine wenye maji ya rangi ya chai iliyokolea, nao huitwa Rio Negro, yaani Mto Mweusi. Humo, na katika mito mingine ya bonde la Amazoni, ndimo anamoishi samaki aitwaye diskasi, ambaye wapenzi wa kufuga samaki wa mapambo wamemtawaza kuwa mfalme wa matangi ya kioo. Mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, ndiye aliyemweleza kwanza kitaalamu mwaka 1840. Ni samaki wa mviringo, mwembamba kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo wake, mwenye mistari ya buluu, kahawia na nyekundu.

Wako wasomaji wa Arusha wanaotamani kuweka tangi la samaki huyo sebuleni, pamoja na mimea hai ya majini. Haja hiyo si mbaya. Lakini yafaa tuanze kwa kukanusha jambo moja: maji mawili yenye rangi ya chai si lazima yawe ndugu. Maji ya Rio Negro ni matamu na yana asidi, kwa sababu yamepita katika majani yaoozayo ya msitu na hayana chumvi nyingi. Maji ya miteremko ya Mlima Meru yamepita katika majivu na miamba ya volkeno. Yamebeba magadi, na yamebeba floridi. Kwa hiyo anayetaka kumfuga diskasi chini ya mlima huu hana budi kuyajua maji yake kwanza, na atakapoyajua, huenda akajifunza jambo lililo kubwa kuliko samaki.

Tuanze na tangi lenyewe. Diskasi mzima hufikia upana wa sentimita 15 na zaidi, na hapendi kuishi peke yake. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 45 huchukua kiasi cha lita 250 za maji, nalo latosha samaki 5. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 250. Ukiongeza kioo na mchanga, uzito wapita kilo 300. Meza ya kawaida haifai. Jengea stendi ya chuma au ya mbao ngumu, na uiweke mbali na dirisha lenye jua la mchana, la sivyo kioo kitavikwa ukijani wa mwani.

Mchanga uwe laini, na uoshwe mpaka maji yatoke safi. Kabla ya kuutumia, chukua kiganja kimoja, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa, nao utazidi kuyaharibu maji. Juu ya mchanga weka kipande cha gogo kavu lililolowekwa kwa wiki kadhaa. Mimea ichaguliwe ile inayovumilia joto. Anubiasi, mmea wa asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, hufungwa kwa uzi juu ya gogo, na shina lake lisifukiwe mchangani kwani litaoza. Ekinodorasi, ambao wengi huuita upanga wa Amazoni, hupandwa mchangani kwa mizizi yake.

Katika jambo la mimea pana onyo. Usiende ukachota gugumaji kwa kuwa tu maua yake ni mazuri. Ndugu zetu wa Mwanza na Bukoba wanalijua gugu hilo tangu lilipotapakaa katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba bandari na kuvifunga vyombo vya wavuvi. Vivyo hivyo, samaki uliyemchoka usimmwage katika Ziwa Duluti wala katika Mto Themi. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, wengi walihesabu faida tu. Baadaye ilionekana kwamba jamii nyingi za furu zilikuwa zimetoweka.

Sasa tuje kwenye joto. Diskasi ataka maji ya nyuzi 28 hadi 30 za sentigredi. Arusha iko katika kimo cha mita 1,400 hivi, na kila mkazi wake ajua usiku wa mwezi Julai ulivyo. Kwa tangi la lita 250 zahitajika hita mbili za wati 150 kila moja. Mbili, ili moja ikiharibika nyingine iendelee. Umeme ukikatika, lifunike tangi kwa blanketi, usiwape samaki chakula, na uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na nchi ya juu huyapunguzia zaidi. Tena usiku mimea nayo hutumia hewa ileile. Samaki wakionekana wakihema karibu na uso wa maji alfajiri, sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Baada ya vyombo, subira. Mwandishi wa safu hii aliwahi, katika ujana wake, kuweka samaki tangini siku ya pili baada ya kulijaza. Maji yalikuwa maangavu kama kioo chenyewe, na kabla ya wiki kwisha samaki wote walikuwa wamekufa. Sababu ilikuwa uchafu wa samaki wenyewe. Uchafu huo hutoa amonia, ambayo ni sumu isiyoonekana. Katika tangi lililokomaa, vijidudu vya aina fulani huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na vijidudu vingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa na ambayo mimea huila. Vijidudu hivyo hukaa hasa katika sifongo la chujio, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Katika muda huo liache tangi lifanye kazi pamoja na mimea tu, ukidondosha chembe za chakula kila siku ili vijidudu vipate riziki. Na wewe wa Arusha usisahau: kadiri maji yanavyozidi kuwa na magadi, ndivyo amonia ileile inavyozidi ukali.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye maji yenyewe. Wataalamu hupima asidi na magadi kwa kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni magadi. Diskasi wanaofugwa hupendelea kati ya 6 na 7. Maji mengi ya kandokando ya Meru yako juu ya 7, na magadi yaliyomo hayakubali kushindwa kwa urahisi. Wako wanaotia majani makavu ya mkungu, yakatoa rangi nzuri ya chai, wakadhani kazi imekwisha. Rangi imebadilika, lakini ukipima, pH iko palepale.

Dawa iliyo rahisi ni maji ya mvua. Hayo hayana magadi, na karibu hayana floridi kabisa. Sehemu 3 za maji ya mvua kwa sehemu 1 ya maji ya bomba au kisima hupunguza chumvi zote hadi robo. Chukua mfano wa kisima chenye floridi miligramu 6 kwa lita: mchanganyiko huo utakuwa na miligramu 1.5.

Msomaji, tuzame kidogo katika tarakimu hiyo. Miligramu 1.5 kwa lita ndicho kikomo cha floridi katika maji ya kunywa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndicho kiwango cha Tanzania hivi leo. Kwa miaka mingi nchi yetu ililazimika kuvumilia miligramu 8, baadaye 4, kwa sababu ya uhaba wa maji bora. Na katika vijiji kadhaa vya Meru, pamoja na Maji ya Chai, maji yamekutwa na floridi inayozidi kikomo hicho mara nyingi. Meno ya kudumu ya mtoto hujengwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi umri wa miaka 8 hivi. Floridi ikizidi katika miaka hiyo, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki uyafutao. Inapozidi sana na kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika, hata miguu ya watoto ikapinda. Nani miongoni mwetu hajamwona kijana mwenye afya na akili akicheka huku ameufunika mdomo kwa kiganja?

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo yaweza kuiongeza. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wataalamu wa maji wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa kwa utaratibu wake, huinasa floridi. Lakini kwa mwenye paa la bati, msaada wa karibu ni ule unaoshuka toka mbinguni.

Basi tupige hesabu ya nyumba moja. Paa la mita 10 kwa 8 hupokea lita 80 kwa kila milimita 1 ya mvua. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 1,600. Hata ukipoteza moja ya tano kwa kuacha maji ya kwanza yaoshe vumbi la paa, wabakiwa na lita 1,280. Familia ya watu 5 inayotumia lita 5 kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia, yahitaji lita 25. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku 153, yaani lita 3,825. Tangi la samaki hubadilishwa robo ya maji kila wiki, na kwa mchanganyiko wetu hiyo ni kiasi cha lita 47 za mvua. Kwa wiki 22 ni lita 1,034. Jumla ni lita 4,859. Tangi la plastiki la lita 5,000, likijaa mwishoni mwa masika, litawatosheleza watoto na samaki, kwa shida. Tangi la lita 3,000 halitoshi hata watoto peke yao.

Hesabu hiyo yatoa hukumu yake yenyewe. Nyumba isiyokuwa na akiba ya maji ya watoto haijawa tayari kwa diskasi, hata kama fedha za kununulia kioo zipo. Na nyumba iliyo na akiba, ambayo jirani yake ana mtoto mchanga na hana paa la bati, imfikirie jirani kabla ya samaki.

Kwa asiyeweza kusubiri, uko mlango mwingine. Diskasi ni wa ukoo mmoja na perege wetu. Ukoo huo una zaidi ya jamii 200 katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana magadi na pH yake hukaribia 9. Wamo wadogo mno wanaoishi na kulea ndani ya makombe matupu ya konokono. Na katika Ziwa Natron, humu humu mkoani Arusha, wako binamu zao waishio kandokando ya chemchemi za moto, katika maji yenye magadi makali ambamo diskasi asingemaliza siku. Samaki wa Tanganyika hupenda joto la nyuzi 25 hivi, na maji ya Meru hayawatishi kwa magadi yake. Huo ni mwanzo mwema kwa mwanafunzi.

Lakini ikiwa siku moja utafanikiwa na diskasi, na wawili wakapatana na kutaga mayai, waite watoto waje watazame. Vifaranga wakishaanza kuogelea hujibandika ubavuni mwa wazazi na kula ute wa ngozi zao. Mama akichoka, hujitikisa ghafla na kuwaacha wahamie kwa baba, naye huwapokea zamu yake bila manung'uniko. Akina baba wa nyumba wanaweza nao kutazama.

Maji yatolewayo tangini usiyamwage barabarani. Yamejaa mbolea, na mchicha na migomba itayapokea kwa furaha.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumzia jinsi ya kuweka mifereji ya paa kwa gharama nafuu. Wiki hii, kabla ya kwenda kwa fundi wa vioo, chukua chupa safi, ijaze maji unayowanywesha wanao, uipeleke katika maabara ya maji. Uliza kiasi cha floridi kwanza. Habari za samaki uulize baadaye.