Bastola ya Shabaha, au ya Kiunoni?

Nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Mtinko kuwasalimia wazee na kuangalia alizeti. Nimerudi na donge rohoni, na leo nalitoa.

Jioni moja tumekaa kijiweni, jamaa yangu niliyesoma naye shule ya msingi akanivuta pembeni. Siku hizi mambo yake yamenyooka, anakamua mafuta ya alizeti. Akaniambia: "Ndugu yangu, wewe umetembea. Nitajie bastola nzuri, bei nafuu, isiyokwamakwama. Ile inayojipakia yenyewe. Nataka nianze mchezo wa kulenga shabaha."

Nikamuuliza: utalengea wapi?

Kimya. Kisha akacheka: "Si kuna shamba?"

Jamani! Shambani wanapita watoto wa kuchunga ng'ombe, wanapita akina mama na kuni. Risasi haijui kama umekosa kibao. Inaendelea na safari mpaka ikutane na kitu.

Lakini nijibu swali lake kwanza, nisije nikaambiwa nimekwepa. Ukitaka majina yenye sifa ya kutokwama, yapo. Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982. CZ 75 ya Wacheki. Browning Hi-Power ya Ubelgiji, iliyokuwepo tangu 1935. Zote ni za milimita 9, na zote zimepata jina mikononi mwa askari. Umesikia? Askari. Mtu anayejifunza shabaha hahitaji kuanzia hapo.

Anayejifunza huanza na bastola ya upepo, mita 10, risasi ya milimita 4.5. Akishapata mkono, anakwenda kwenye .22, risasi ndogo isiyopiga teke kubwa, na ya bei ya chini sana ukilinganisha na milimita 9. Hata kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 25, mashindano ya bastola sanifu hupigwa kwa .22, risasi 60, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 5 tu. Hapo ndipo mchezo ulipo: pumzi, macho, kidole. Ukubwa wa risasi hauongezi alama.

Na hiyo "nafuu" anayoitaka ni mtego. Piga hesabu nami. Ukifanya mazoezi mara mbili tu kwa mwezi, risasi 60 kila mara, kwa mwaka ni risasi 1,440. Ongeza leseni, sefu ya kufungia, mafuta ya kusafishia, mwalimu na nauli ya kwenda uwanjani. Bastola yenyewe ndiyo gharama ndogo! Hata huko kukwama, mara nyingi kunatokana na magazini iliyopinda, uchafu, au risasi isiyopatana na silaha. Za .22 hasa huchagua risasi kama mtoto anavyochagua mboga. Asiye na fundi wala mwalimu ataona kila bastola ni mbovu.

Sasa niseme lililonichoma. Jamaa yangu hataki shabaha. Anataka kiuno. Anataka akiinama kuokota funguo pale baa, shati lipande kidogo, watu waone. Neno "shabaha" ni koti la kuvaa mbele ya ofisa. Na yeye si peke yake, wako wengi mjini na vijijini.

Wadau, huo si utani. Machi 13, 1996, huko Dunblane, Scotland, mtu mwenye bastola 4 za leseni halali aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku karibu bastola zote za raia, hata hizo .22 za mchezo. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika Manchester mwaka 2002, ilibidi serikali itoe ruhusa maalumu ili walenga shabaha washindane. Anayelinda mchezo wa shabaha ni yule anayekuwa wa kwanza kusema bastola isizagae.

Kwetu sheria ipo: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha walizonazo kinyume cha sheria. Kwa hiyo ukisikia kuna "ya bei nafuu" inauzwa mkono kwa mkono, jua unanunua kesi.

Najua wapo watakaosema basi mchezo wote ufutwe. Nakataa! Mkoa wetu huuhuu wa Singida, kule Mkalama, wako Wahadzabe ambao watoto wao hushika upinde wangali wadogo. Kulenga si kitu cha kuja na meli. Na mwaka 2024, Paris, Yusuf Dikeç wa Uturuki alichukua medali ya fedha ya Olimpiki kwa bastola ya upepo, mkono mmoja mfukoni, umri miaka 51. Dunia nzima ilimpenda. Kwa nini asitoke mmoja Singida?

Atatoka, lakini hatatokea kwenye kiuno cha mtu. Atatoka uwanjani. Wenzetu Kenya wana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambako raia wenye leseni hufanya mazoezi. Sisi tudai viwanja vyenye kingo za udongo, bastola za upepo chache za klabu, .22 mbili tatu zinazolala kwenye sefu ya klabu, na mwalimu mwenye roho ngumu. Vijana kumi wakitumia bastola moja, hiyo ndiyo bei nafuu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa alizeti, swali la kwanza ni uwanja gani. Bastola gani, hilo ni la pili. Ukishapata uwanja, niite, nitakuja kushika kibao chako (nikiwa nyuma yako, siyo mbele!). Kabla ya hapo, fedha hiyo nunua mashine ya pili ya kukamulia.

Naomba kutoa hoja.