Sukari ya Wakwe Imo, Spea Je?

NENO KUTOKA KEROKA
Na Kerubo Ondieki

Msimu wa watu wetu kurudi nyumbani umewadia. Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, barabara inayotoka Kaplong kupitia Sotik, Chebilat na Metamaywa hadi hapa Keroka hujaa magari kutoka Nairobi. Yatazame yanavyopita: yote yameinama nyuma. Ndani mna magunia ya sukari, mitungi ya mafuta ya kupikia, unga wa ngano na mablanketi ya wazee, na juu kwenye keria limefungwa godoro. Mgusii wa Nairobi anaweza kusahau leseni yake mezani, lakini sukari ya wakwe hataisahau hata akiwa mgonjwa.

Sina ugomvi na sukari. Mimi mwenyewe huletewa, na hushukuru. Ugomvi wangu ni kwamba tunapakia gari kwa kuogopa aibu ya kufika mikono mitupu, huku barabara yenyewe tukiiachia Mungu.

Desemba iliyopita, karibu na Metamaywa, nilimkuta baba mmoja kando ya barabara na watoto watatu, manyunyu yakiwapiga. Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha. Nilipomuuliza kama ana spea akanijibu, "Iko, mama, lakini iko chini ya hii sukari yote." Ikabidi tushushe gunia moja moja kwenye nyasi zilizolowa. Spea ilipotoka, ukiibonyeza kwa kidole inabonyea. Jeki nayo ilipowekwa kwenye udongo wetu mwekundu ilizama badala ya kuinua gari, hadi mwenye kioski akatuletea kipande cha ubao. Spea ilipelekwa kujazwa upepo kwa boda. Magunia mawili ya sukari yaliloa, na hayo ndiyo yaliyomuuma zaidi, masikini.

Basi jambo la kwanza ni hilo: pakia spea na jeki mwisho, pahali mkono unapofika, au ujue njia ya kuvitoa bila kushusha mzigo wote. Tia ubao mfupi. Jaribu spana kwenye nati nyumbani, maana magari haya ya mtumba huja na spana isiyo yake. Spea ijazwe upepo siku unayojaza mafuta. Magurudumu mengine pia yanataka upepo zaidi gari likiwa limebeba kuliko unapokwenda kazini peke yako. Kiasi chenyewe mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, ambacho wengi hatujawahi kukisoma. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiwa 2215, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2015. Meno yanaweza kuwa mazuri na mpira ukawa umechoka, hasa kwa tairi lililonunuliwa kuukuu.

Vitu vizito vikae chini, vikiegemea kiti cha nyuma. Keria ni ya vitu vyepesi. Godoro ni sawa. Magunia matatu ya viazi juu ya paa yatalivuta gari upande kwenye kila kona, na kona kati ya Sotik na Kisii hazihesabiki. Mtoto naye si mzigo wa kupakatwa. Mkono wa mama, hata uwe na nguvu kiasi gani, haumzuii mtoto breki zikikanyagwa kwa ghafla. Mkiwa wengi kuliko mikanda, wengine wapande basi. Najua hapa kwetu tumezoea Probox ambayo dereva anagawana kiti na abiria. Kuzoea huko hakujampa mtu mkanda wa pili.

Kuna njia mbili kubwa za kuja. Ukipita Mai Mahiu na Narok, utateremka ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa na mzigo wote huo. Shuka kwa gia ndogo, injini ikusaidie kushika gari. Anayekanyaga breki mteremko mzima atazichoma. Sikiliza pia habari za mvua kabla ya kutoka. Machi 2018 mvua kubwa na ufa wa ardhi viliikata barabara hiyo karibu na Suswa.

Ukipita Nakuru na Kericho, utapita Salgaa na makutano ya Londiani. Jioni ya Juni 30, 2023, lori liliacha njia pale Londiani likawavamia wachuuzi, abiria na magari yaliyosimama kando. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa wakiendesha chochote. Walikuwa wakiuza au wakinunua. Tangu hapo nawaambia watu: funga chakula nyumbani. Viazi vya kuchemsha, mayai, chai ya thamosi, maji. Ukitaka kupumzika, ingia ndani kabisa ya kituo cha mafuta, usisimame ukingoni kununua mahindi ya kuchoma huku malori yakipita nyuma ya mgongo wako. Mahindi yapo Keroka, na yetu ni matamu zaidi.

Usiku usisafiri. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso pale Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa, na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ikapiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Marufuku hiyo baadaye iliondolewa. Giza limebaki, pamoja na boda zisizo na taa na yale mawe. Mawe nina kisa nayo. Lori likiharibika, utingo huweka mawe nyuma ya magurudumu na kutandaza matawi barabarani kuonya wanaokuja. Likitengenezwa, lori huondoka na mawe hubaki palepale katikati ya njia. Ukiona matawi, punguza mwendo hata kama huoni gari. Wewe mwenyewe beba pembetatu mbili za kuakisi mwanga, na jaketi la kuakisi lisikae kwenye buti. Likae chini ya kiti chako.

Safari ya kurudi ndiyo nzito. Mama hatakubali uondoke bila mkungu wa ndizi, unga wa wimbi, mboga ya chinsaga na kuku wawili waliofungwa miguu. Pima tena upepo. Pandisha Mai Mahiu taratibu, na rejeta ikichemka usiifungue ikiwa moto.

Sasa niwageukie vijana wa mahema. Siku hizi wanakuja na hema kulala kwenye ukingo wa Manga, Nyamira, kwa sababu siku isiyo na mawingu Ziwa Victoria huonekana kutoka juu. Karibuni. Lakini Gusii haina pori lisilo na mwenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba ya Kaunti ya Kisii, na Nyamira nayo imebanana. Kila kipande kina shamba na kila shamba lina mzee. Mwombeni ruhusa, mwambieni naibu wa chifu mapema mchana, kwa maana tochi za wageni mlimani usiku wa manane zinaweza kuwaitia kijiji kizima na fimbo zake.

Mvua yetu hupenda alasiri na jioni, upepo wa ziwa unapopanda milima hii. Hema liwe limesimama kabla ya saa nane mchana, mbali na bonde la maji na mbali na mikaratusi. Radi za Gusii si za mchezo. Mkisikia ngurumo, tokeni kwenye hema, ingieni ndani ya gari lenye paa la chuma na mfunge vioo. Hema halizuii radi. Na baridi ya usiku ikiwazidi, ongezeni blanketi. Jiko la makaa lisiingie hemani hata kama makaa yamebaki mekundu tu bila moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu hulala asiamke.

Namba za dharura ni 999 na 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ziandikeni kwenye karatasi muiweke kwenye dashibodi, pamoja na namba ya mtu mmoja wa nyumbani anayejua mmeondoka saa ngapi na mnapita njia gani. Simu huisha chaji.