Usingizi Ni Sharti la Ratiba

Wasomaji wangu, shule ikitaka kupanga ratiba upya, swali la kwanza huwa ni programu gani itumike. Jibu ni rahisi: kuna FET, programu huria iliyoanza 2002, tena ni ya bure. Iingizie walimu, madarasa na vipindi, uende ukanywe chai.

Lakini tusidanganyane jamani. Ratiba mbovu haiharibiwi na kompyuta, huharibiwa na masharti tunayoipa. Katika FET kila sharti hupewa uzito, hadi asilimia 100. Mwalimu hawezi kufundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja: hilo ni asilimia 100. Usingizi wa mwanafunzi je? Hauingizwi kabisa!

Hebu tupige hesabu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 hapa Kenya zilisema masomo yaanze saa mbili asubuhi, yaishe saa tisa na nusu alasiri. Hizo ni dakika 450. Vipindi 8 vya dakika 40 vinakula dakika 320. Zinabaki 130 za mapumziko na chakula. Zinatosha.

Sasa chukua shule ya bweni inayoamsha wanafunzi saa kumi na nusu alfajiri na kuzima taa saa nne na nusu usiku. Wanalala saa 6. Mwaka 2016, American Academy of Sleep Medicine ilipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Hilo ni deni la saa 2 kila usiku, saa 10 kwa siku tano, yaani sawa na vipindi 15! Deni hilo hulipwa darasani, kichwa kikiwa juu ya dawati.

"Silabasi haitaisha," walimu wakuu watasema. Basi hesabuni kwanza vipindi vinavyoliwa na gwaride refu, mikutano, na mwalimu asiyeingia darasani. Kuongeza vipindi vya alfajiri kabla ya hapo ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kwa hivyo, kabla hujafungua programu yoyote, andika usingizi kuwa sharti la kwanza, asilimia 100. Mambo yasipotoshea, punguza kazi, usipunguze usiku. Programu hugoma masharti yakishindikana. Mwanafunzi husinzia kwanza.

Mwaonaje?