Mgao Sawa na Ridhaa ya Mlaji

Kila masika yanapozidi na maji yakaingia majumbani mwa wananchi, mgao wa chakula hutolewa, nao hutolewa sawa kwa wote: mchele, unga, maharage, mafuta ya kupikia. Na kila mara, siku chache baadaye, sehemu ya unga ule huonekana sokoni. Hapo ndipo maneno huzuka maofisini: watu hawa hawakuwa na shida; wamepewa chakula, nao wamekiuza. Sisi tunasema kwamba hukumu hiyo ni ya haraka, na tena si ya haki.

Wanachuoni wa uchumi wamelipima jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Tumchukue mama mmoja wa Micheweni mwenye pishi kumi za mchele, lakini hana kitoweo. Kwa fungu la kwanza la samaki atakuwa radhi kutoa hata pishi tatu. Kwa fungu la pili hatatoa zaidi ya pishi moja na nusu. La tatu huenda asilitolee hata kibaba, maana mchele nao umeanza kupungua na watoto wapo. Ukiandika kwenye karatasi michanganyiko yote ya mchele na samaki ambayo kwake yeye ni mamoja, kisha ukaiunganisha, utapata mstari uliopinda, nasi tutauita mstari wa ridhaa sawa. Umepinda kwa sababu kilicho kichache mkononi ndicho chenye thamani zaidi. Francis Edgeworth aliieleza mistari ya namna hii mwaka 1881. Mtaliano Vilfredo Pareto, katika kitabu chake cha mwaka 1906, akaonyesha kuwa hapana haja ya kuihesabu ridhaa ya mtu kwa tarakimu kana kwamba ni karafuu mizanini. Yatosha kujua lipi analipenda kuliko lipi. Na hilo, yafaa ieleweke, hakuna alijuaye isipokuwa mlaji mwenyewe.

Ushahidi ulio bora kupita wote tuujuao ulitoka kambini mwa wafungwa wa vita. Mwingereza R. A. Radford, aliyetekwa katika Vita Kuu ya Pili na kufungwa Italia na Ujerumani, aliandika mwaka 1945 habari za maisha ya huko. Wafungwa walipokea vifurushi vya Msalaba Mwekundu vilivyokaribia kuwa sawa: maziwa ya kopo, siagi, jamu, biskuti, nyama ya kopo, chokoleti, sukari, na sigara pia. Hapakuwa na tajiri wala maskini. Hata hivyo watu walianza kubadilishana mara moja. Asiyevuta alitoa sigara akapata chokoleti. Makalasinga, ambao hawali nyama ya ng'ombe, waliitoa wakapata jamu na siagi. Punde sigara zikawa ndizo fedha za kambi. Chakula cha kambi hakikuongezeka hata kopo moja kwa biashara ile, lakini kila mmoja alikipata kile alichokithamini zaidi. Je, nani angethubutu kusema kwamba Kalasinga yule aliyetoa nyama hakuwa na njaa?

Walanguzi walikuwapo kule pia, na wafungwa wenzao waliwachukia kama tunavyowachukia sisi. Lakini dawa iliyosaidia haikuwa marufuku. Walitundika ubao, kila mwenye chake akaandika anachotoa na anachotaka, na baadaye likafunguliwa duka la wote lisilotafuta faida. Bei zilipokuwa hadharani, nafasi ya mlanguzi ilipungua.

Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa ya kambini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari viligawiwa kwa kipimo katika visiwa hivi, na wenye kumbukumbu wanajua ni vitu vingapi vilivyopita mlango wa uani kutoka nyumba hadi nyumba. Nia ya usawa ilikuwa njema, na hatuna haya kuitetea hadi leo. Tunalopinga ni kudhani kwamba vipimo vikilingana, haja zimelingana.

Na hata hesabu ya magunia yaweza kumdanganya mtendaji. Robert Jensen na Nolan Miller, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walizipunguzia bei ya mchele familia maskini za jimbo la Hunan, China. Familia hizo zikapunguza kula mchele! Sababu si fumbo: fedha zilizookolewa ziliziwezesha kununua vyakula vingine vitamu zaidi. Afisa anayetazama ghala tu angeandika kuwa mpango umeshindwa.

Hatusemi kwamba elimu hii itatuamulia kila kitu. Mstari wa mama yule haulinganishwi na wa jirani yake. Hauwezi kutuambia nani apewe kwanza kati ya mjane mwenye watoto sita na kijana asiye na mke. Hilo ni suala la haki, nalo ni juu ya viongozi, wala wasijifiche nyuma ya neno usawa.

Kwa hiyo tunazitaka kamati za maafa na masheha kuanza sasa, kabla ya masika kuingia, kuandika idadi ya watu wa kila nyumba na kuwauliza wanachokihitaji. Penye soko lililojaa bidhaa, wananchi wapewe fedha badala ya magunia. Huko Kojani au Kisiwa Panza, ambako bahari ikichafuka vyombo havivuki, fedha zitapandisha bei tu za kile kidogo kilichopo. Huko kipelekwe chakula chenyewe. Na anayekutwa akibadilisha unga wake kwa samaki aachwe aende zake nyumbani akapike.