Manahodha Arobaini, Chombo Kimoja

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kauli hiyo ilisadifu Aprili 13, 2008, Rais Mwai Kibaki alipotangaza baraza la serikali ya mseto lenye wizara 40, Raila Odinga akiwa Waziri Mkuu.

Ni haki kukiri kwamba mseto huo, uliotokana na mkataba wa Februari 28, ulizima moto. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu kufurushwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hakuna mzalendo aliyetaka damu izidi kumwagika ili hazina iokoe mishahara ya mawaziri. Hata hivyo, kugawana mamlaka ni jambo moja. Kuzipasua wizara ili kila upande upate viti ni jambo jingine.

Mfano ulio wazi ni afya. Wizara moja ilipasuliwa mbili: Afya ya Umma ikaenda kwa Beth Mugo wa PNU, Huduma za Matibabu kwa Peter Anyang' Nyong'o wa ODM. Mgonjwa wa Karurumo aliyeanzia kwenye zahanati alikuwa chini ya waziri mmoja. Alipopewa barua ya kwenda hospitali ya Embu, akaingia mikononi mwa mwingine. Ugonjwa wake haukuwa na chama.

Wapo waliojifariji kwamba Embu nayo ilipata mwanawe barazani, Joseph Nyagah, Waziri wa Ushirika. Faraja hiyo ndiyo iliyolea tatizo. Raia alifundishwa kuuliza nani wetu ameteuliwa, badala ya kuuliza wizara hiyo ina kazi gani. Isitoshe, mawaziri na wasaidizi wao walizidi theluthi moja ya wabunge. Nani basi angebaki kuikosoa serikali?

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, ambayo nayo ni tunda la mseto huo, iliweka mpaka: mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22, tena wasiwe wabunge. Ndiyo maana Rais William Ruto alipowaingiza wanasiasa wa ODM barazani mwaka wa 2024, hakuweza kuongeza viti apendavyo. Mpaka huo hauna budi kulindwa. Wanasiasa wanaopatana na wapatane, lakini kazi itangulie, kiti kifuate.