JE, KUSAIDIWA NI AIBU? MAONI JUU YA MCHEZO WA CELESTE

Katika dahalia yetu kuna ugomvi usiokwisha tangu muhula huu ulipoanza, nao si wa mpira wala si wa zamu ya kufagia. Ni ugomvi wa mchezo wa kompyuta uitwao Celeste. Asiyeujua mchezo huu atastaajabu kuona vijana wa Kidato cha Nne, ambao mtihani wao ni Novemba, wakibishana usiku kwa sauti ya chini juu ya msichana wa picha apandaye mlima. Basi na niwaeleze kwanza mchezo wenyewe, kisha nitasema nionavyo mimi, na asiyekubali anijibu katika gazeti la muhula ujao.

Celeste ulitolewa Januari, 2018. Walioutunga ni Maddy Thorson na Noel Berry pamoja na wenzao wachache, na muziki wake ni wa Lena Raine. Hapo kwanza ulikuwa mchezo mdogo sana, uliotengenezwa kwa siku 4 tu katika programu iitwayo PICO-8, ambayo kioo chake kina vitone 128 kwa 128 na rangi 16 basi. Mchezo ule mdogo una vyumba 30, hauna bei, na mtu aweza kuucheza katika intaneti. Mkubwa ulijengwa juu ya huo mdogo, na sura ya kikale haukuiacha: watu na miamba vimechorwa kwa vitone, kama ilivyokuwa katika michezo ya miaka ya 1980. Mwisho wa mwaka ule ule wa 2018 ulipewa tuzo ya mchezo bora wa watungaji wanaojitegemea katika The Game Awards, huko Marekani.

Ndani yake yumo msichana aitwaye Madeline. Ameazimia kupanda mlima Celeste, huko Kanada, na sababu yake hata yeye mwenyewe haijui vizuri. Ajua mambo matatu: kuruka, kushikilia ukuta mpaka nguvu zimwishie, na kufyatuka hewani mara moja kuelekea upande autakao. Akigusa miiba amekufa. Akitumbukia amekufa. Lakini akifa hurudi papo hapo mwanzo wa chumba kile kile, wala hahesabiwi roho zilizobaki. Mchezo huhesabu vifo vyako tu, tena hukutaka ujivunie hesabu hiyo, kwa kuwa kila kifo ni somo.

Wenzangu husema huu ni mchezo wa kikale halisi. Mimi nasema sivyo. Mashine za zamani zilitiwa sarafu, na mwenye mashine hakuona faida ila mchezaji afe upesi atie sarafu nyingine. Ghosts 'n Goblins, wa mwaka 1985, ulikuwa na ukatili huo: mtu akiisha kuumaliza kwa jasho lake lote, aliambiwa arudi aumalize mara ya pili ndipo auone mwisho wa kweli! Hata Shovel Knight, uliotolewa 2014 nao ukavaa nguo za zamani, ukifa hukupunguzia hazina yako, na huna budi kurudi mahali ulipofia uiokote. Celeste haukunyang'anyi kitu. Zimo stroberi 175 zilizofichwa mahali pa hatari, na mchezo wenyewe hukuambia waziwazi kwamba faida yake ni kujisifia kwa rafiki zako na si zaidi. Ugumu wake ni mmoja tu: kila kidole kiende mahali pake, kwa wakati wake, na kikichelewa kidogo umekwenda na maji.

Sasa nifike penye ugomvi. Tangu siku ya kwanza watungaji walitia katika mchezo kitu ambacho nitakiita Njia ya Msaada. Mchezaji akitaka aweza kupunguza mwendo wa mchezo mpaka nusu, kujipa nguvu za kushikilia zisizokwisha, kujiongezea kufyatuka, kutokufa kabisa, au hata kuruka sura nzima.

Juu ya jambo hili wachezaji wamegawanyika. Kundi kubwa katika bweni letu, nami nilikuwa msemaji wake, husema kwamba atumiaye msaada hakuucheza mchezo. Hoja yao si ya kipuuzi, wala sitaki kuifanyia mzaha. Wasema: hadithi hii ni ya msichana mwenye hofu moyoni, apandaye kwa taabu, ukiiondoa taabu umeiondoa hadithi, umebaki na picha nzuri na muziki. Kundi la pili husema kwamba mtu akiisha kulipa dola zake 20 mchezo ni mali yake, auchezee apendavyo. Hoja hii haikunipendeza hata siku moja. Mtu aweza pia kununua kitabu akasoma ukurasa wa mwisho peke yake. Ni haki yake, lakini hakukisoma. Kundi la tatu ni dogo na halipigi kelele, nami sikulijali mpaka likizo ya Desemba iliyopita.

Tulikuwa nyumbani kwa mjomba, na binamu yetu alituachia kompyuta yake alipokwenda safari. Mimi nilicheza asubuhi, na mdogo wangu wa kike, aliye Darasa la Saba, alicheza jioni. Siku ya tatu aliniita kwa furaha.

"Kaka, njoo uone! Nimefika hotelini."

Hoteli ile ni sura ya tatu. Nilitazama kioo nikaona amewasha Njia ya Msaada. Nikamwuliza, "Umefika au umebebwa?"

Hakujibu. Alifunga kompyuta akaenda zake uani, na kwa siku mbili hakucheza mbele yangu. Mimi sikuona nimekosa nini. Mama ndiye aliyeniuliza jikoni, bila kugeuka, huku anakuna nazi: "Wewe, mkono wa mwenzio huujui?"

Naujua. Alipokuwa mtoto aliangukiwa na chungu cha uji wa moto, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki sawasawa. Sasa fikirini: katika kompyuta, mkono wa kulia hushika mishale ya kuelekeza, na wa kushoto hushika herufi tatu, Z ya kushikilia, X ya kufyatuka na C ya kuruka. Mara nyingi wapaswa kuikandamiza Z bila kuiachia huku ukipiga C na X kwa zamu. Usiku ule nilifunga vidole vyangu viwili kwa kitambaa nikaanza sura ya kwanza, ile ambayo mimi huiita ya watoto. Katika chumba kimoja nilikufa mara 60 na zaidi, kisha nikafungua kitambaa.

Kesho yake nilimwomba radhi, na nikamwuliza hasa ametumia msaada gani. Alikuwa amepunguza mwendo uwe asilimia 80, akajipa nguvu za kushikilia zisizokwisha. Basi. Nikamwuliza kwa nini hakujipa kutokufa, maana hapo angefika kileleni kabla ya chai. Akasema, "Nilijaribu siku moja nikaacha. Ni kama kula muwa uliokwisha tafunwa."

Neno hili lilinishinda. Sisi bwenini tulikuwa tumesema kwamba apewaye msaada atachukua wote, kama mtu aliyeachwa peke yake na sufuria ya wali. Kumbe mtoto wa Darasa la Saba alijua mwenyewe pa kukomea! Alichukua kile ambacho mkono wake ulikikosa, na taabu iliyobaki akaitaka. Alifika kileleni tarehe 2 Januari, na vifo vyake vilikuwa 2,318. Nani atasema huyu hakutaabika?

Liko na jambo jingine ambalo wenzangu wa kundi la kwanza hawapendi nilitaje. Mwaka 2020 Maddy Thorson alieleza hadharani huruma zilizofichwa ndani ya mchezo kwa wachezaji wote, hata wasiowasha msaada wowote. Ukichelewa kuruka, ukawa umekwisha toka kwenye ukingo wa jiwe, mchezo hukuruhusu bado kuruka kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ingawa chini yako hapana kitu. Ukibonyeza kabla hujatua, hukumbuka ombi lako na kukurusha unapotua. Ukigonga kichwa kwenye pembe ya mwamba, hukusogeza kando kidogo upite. Ukitaka kujisukuma ukutani nawe hujaugusa, ukiwa mbali kwa vitone viwili, huhesabu kwamba umeugusa. Hayo yote yamo tangu mwanzo, wala hapana mahali pa kuyazima. Basi yule bingwa wetu wa bwenini, ajisifuye kwamba hakusaidiwa hata mara moja, ameshikwa mkono katika kila mruko tangu sura ya kwanza. Ila mkono wenyewe hakuuona. Nilipomweleza habari hii alikasirika, akasema huo si msaada, ni ufundi wa mchezo. Nikamwuliza tofauti ni nini. Mpaka naandika haya bado anatafuta jibu.

Turudi kwenye hoja ya hadithi, maana ndiyo hoja yao kubwa. Naona wameisoma nusu. Katika sura ya pili Madeline anatokewa na kivuli chake mwenyewe, nafsi yake yenye woga na maneno makali, nacho kinamfukuza njia nzima. Katika sura ya sita anajaribu kukiacha, anatupwa chini karibu na mguu wa mlima. Akisha kupatana nacho, badala ya kufyatuka mara moja anafyatuka mara mbili, na ni kwa nguvu hiyo tu aweza kufika kileleni. Zaidi ya hayo, anapozidiwa na hofu ndani ya kile kigari cha kamba, kijana Theo ndiye amfundishaye kupumua polepole kwa kuwaza unyoya unaoelea. Madeline asingefika peke yake. Sasa mtu aliyecheza sura zote hizi aweza vipi kutoka akisema fundisho lake ni kukataa msaada?

Hata hivyo sikubaliani na kila kitu. Ruhusa ya kuruka sura nzima siipendi. Akiruka sura ya nne na ya tano, mtu hatajua Theo ni nani, na sura ya sita itakuwa kwake maneno matupu. (Upepo wa sura ya nne lakini, kusema kweli, hata mimi ningependa kuuruka.) Tena nawasifu watungaji kwa kosa walilolisahihisha. Maelezo ya kwanza ya Njia ya Msaada yalisema kwamba ugumu ndio kiini cha mchezo, na yakamshauri mtu acheze mara ya kwanza bila msaada. Mwaka 2019 waliyaandika upya, ushauri ule wakauondoa. Wenzangu waona ni jambo dogo. Mimi namkumbuka mtu mmoja akisoma maneno kama yale jioni, peke yake, huku kaka yake amelala chumba cha pili, na siku tatu baadaye kaka huyo akaja kumwambia maneno yale yale kwa kinywa chake.

Nami kwa nini nimeandika haya badala ya kujisomea Hisabati? Kwa sababu mwaka jana niliona haya kwenda kumwuliza mwalimu logi mara ya pili, nikaogopa kuitwa mzito, na matokeo yake yamo katika ripoti yangu, ambayo baba ameifungia kabatini. Muhula huu nimekwenda mara nne. Mwalimu hakuniita mzito. Walioniita hivyo ni watu wa kundi la kwanza.

Mchezo wenyewe sijaumaliza. Nilirudi shule nikiwa juu ya mlima, katika ile sehemu ya mwisho yenye bendera zenye namba zinazohesabu kurudi nyuma tangu 30. Zilikuwa zimenibakia 12. Siku ya wazazi mdogo wangu alikuja na mama, akaniambia kwamba faili langu lipo, hakuligusa. Nikamwambia kuna chumba kimeniweka pale siku tano, naye alikwisha kipita; je, likizo ijayo aweza kukaa karibu nami anionyeshe anavyofanya?

Alinitazama kitambo, akacheka mpaka mama akageuka.

"Kaka," akasema, "wataka ufike au ubebwe?"

Mwanafunzi, Kidato cha Nne